Kamba wa pwani na hesabu ya mtaji: somo la ukomo wa tahadhari

SOMO LA WIKI

MFANYABIASHARA yeyote wa Kariakoo, awe na duka la jumla Mtaa wa Congo au meza ya uduvi na kamba wakavu, anajua tofauti ya kula faida na kula mtaji. Anayekula faida kesho atafungua duka. Anayekula mtaji naye kesho atafungua, na keshokutwa pia, bila majirani kujua lolote, mpaka siku rafu zitakapobaki na maboksi matupu yaliyopangwa kwa mbele ili duka lionekane limejaa.

Uvuvi wa kamba katika pwani yetu umewahi kuwa duka la namna hiyo. Kwa mujibu wa takwimu za sekta ya uvuvi, meli za kukokota nyavu zilivua kamba wapatao tani 1,320 mwaka 2003. Mwaka 2007 zilipata tani 202 hivi. Hilo ni anguko la asilimia 85 katika miaka minne. Baada ya msimu huo serikali ilisimamisha uvuvi wa kamba kwa meli. Meli zikatia nanga, mabaharia wakarudi nyumbani, na mitambo ya kugandishia iliyowategemea kamba hao ikabaki bila malighafi.

Wiki hii safu yetu inaacha kidogo mchele, maharage na saruji ili kujifunza jambo moja ambalo lingeweza kuokoa fedha nyingi wakati ule, na ambalo bado linamhusu kila anayenunua kamba Feri, anayepeleka barafu Nyamisati, au anayefikiria kuweka akiba yake katika mashua na friza. Jambo lenyewe ni ukomo wa tahadhari: mstari unaochorwa mapema, wakati biashara bado ni nzuri, unaosema tukifika hapa tunapunguza, na tukifika pale tunasimama.

KAMBA NI BIDHAA YA NAMNA GANI

Kabla ya kuweka fedha katika bidhaa, mfanyabiashara huuliza inatoka wapi na inachukua muda gani kufika. Tufanye hivyo hivyo kwa kamba.

Kamba wazazi hutaga mayai baharini. Vichanga huchukuliwa na mikondo ya maji hadi kwenye midomo ya mito na mikoko, ambako kuna chakula na maficho. Huko hukua kwa miezi michache, na mvua zinapokuja na mito kujaa, hutoka kwa makundi kurudi baharini. Ndiyo maana mavuno makubwa pwani yetu huja pamoja na masika, kuanzia Machi hadi katikati ya mwaka. Maeneo yanayojulikana zaidi ni Saadani na Bagamoyo upande wa kaskazini, na delta ya Rufiji pamoja na mkondo wa Mafia upande wa kusini. Wanaovuliwa zaidi ni kamba weupe, wakifuatiwa na aina nyingine, akiwamo yule mkubwa mwenye mistari ambaye hoteli humnunua kwa bei ya juu.

Jambo la kuzingatia ni umri. Kamba wengi huishi mwaka mmoja hivi, wachache hufikia miwili. Sangara au jodari ana akiba ya miaka mingi majini: ukivua sana mwaka huu, bado wapo waliozaliwa miaka mitano iliyopita. Kamba hana akiba hiyo. Kamba wote utakaowauza mwakani watatokana na wale wachache waliobaki hai mwisho wa msimu huu.

Kwa lugha ya daftari, kamba wazazi wanaobaki mwisho wa msimu ndio mtaji, na kamba wapya wanaotoka mikokoni na mvua ndio faida. Kamba ana sifa moja nzuri, kwamba akiachiwa nafasi huzaana upesi. Ana na sifa moja mbaya, kwamba akimalizwa katika msimu mmoja hakuna wa akiba wa kumrithi.

MISTARI MITATU

Wataalamu wa uvuvi huchora mistari mitatu. Majina yake yanaweza kumtisha msomaji, lakini kazi yake ni ya kawaida kabisa.

Mstari wa kwanza ni wa lengo. Hapo ndipo tunapotaka biashara ikae: mavuno mazuri, gharama za wastani, mtaji salama.

Mstari wa chini kabisa ni wa ukomo. Hapo ni mahali ambapo hatutaki kufika hata siku moja, kwa sababu chini yake kamba wazazi ni wachache mno kiasi kwamba hakuna uhakika wa kupata kamba wa mwakani.

Katikati ya hiyo miwili kuna mstari wa tahadhari. Huu ndio unaosahaulika. Kazi yake ni kutupigia kengele kabla hatujafika kwenye ukomo, kwa sababu kupunguza kasi kunahitaji muda, na kwa sababu hesabu zetu huenda si sahihi.

Mawazo haya yalipewa nguvu ya kimataifa mwaka 1995, pale nchi wanachama wa FAO zilipopitisha Kanuni za Uvuvi Wenye Kuwajibika. Ndani yake mna sharti kwamba upungufu wa taarifa za kisayansi usiwe sababu ya kuahirisha hatua za kuhifadhi. Wahenga wetu walikwisha kulisema kwa maneno manne: tahadhari kabla ya hatari.

TUCHUKUE DAFTARI

Tuone mistari hiyo inavyofanya kazi. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, tumezitunga kwa ajili ya somo. Tuseme kuna kijiji kimoja cha delta ambako mnunuzi wa Dar es Salaam ameandika kila safari ya mashua na kilo zilizoletwa kwa miaka mitano:

Mwaka wa 1: safari 1,000, kilo 40,000, wastani kilo 40 kwa safari.
Mwaka wa 2: safari 1,300, kilo 46,800, wastani kilo 36.
Mwaka wa 3: safari 1,700, kilo 51,000, wastani kilo 30.
Mwaka wa 4: safari 2,200, kilo 48,400, wastani kilo 22.
Mwaka wa 5: safari 2,400, kilo 36,000, wastani kilo 15.

Mnunuzi anayetazama safu ya kilo tu ataona biashara inakua. Kutoka tani 40 hadi tani 51 katika miaka miwili! Mwaka wa 3 ndio atakaokwenda kukopa anunue friza kubwa na gari la barafu. Jirani yake naye ataona na kufuata, kwa maana mchovya asali hachovyi mara moja.

Lakini safu ya wastani wa safari inasimulia habari nyingine. Tangu mwaka wa 2 kila mashua inarudi na kilo chache kuliko jana. Jumla ilipanda kwa sababu safari ziliongezeka, siyo kwa sababu kamba waliongezeka. Hapo ndipo duka lilipoanza kula mtaji huku mauzo yakipanda.

Sasa tuweke fedha. Tuseme kilo inauzwa sh. 10,000 na safari moja inagharimu sh. 120,000 kwa mafuta, barafu na chakula. Mwaka wa 1 safari ilibakiza sh. 280,000 za kugawana mwenye chombo na wavuvi. Mwaka wa 3 ilibakiza sh. 180,000. Mwaka wa 5 ilibakiza sh. 30,000. Kwa kiasi hicho mvuvi hana budi kuongeza safari, kutumia wavu wenye macho madogo zaidi, au kukopa kwa tajiri wake. Kila moja ya njia hizo humpeleka chini zaidi.

Wapo watakaosema uhaba hupandisha bei, kwa hiyo fedha zitarudi. Tupige hesabu. Ili safari ya kilo 15 ilete mapato yale yale ya kilo 40, bei ingelazimika kufika karibu sh. 26,700 kwa kilo. Na kamba wetu hayuko peke yake sokoni. Mwaka 2022 nchi moja tu, Ecuador, iliuza nje kamba wa kufugwa zaidi ya tani milioni moja. Hoteli au mnunuzi wa nje akiona bei yetu imeruka hivyo, ataagiza kwingine. Mwenye bahari tupu hapangi bei ya dunia.

DAFTARI BOVU, MSTARI JUU

Tuendelee na mfano wetu. Tuseme wataalamu na wavuvi wamekubaliana kwamba ukomo uwe nusu ya wastani wa mwaka ule mzuri wa kwanza, yaani kilo 20 kwa safari. Je, mstari wa tahadhari uwekwe wapi?

Jibu linategemea ubora wa daftari. Kila aliyewahi kununua samaki anajua daftari la mwaloni halisemi yote. Wapo kamba wanaouzwa baharini kabla ya kufika, wapo wanaoshushwa kijiji kingine usiku, wapo wanaoliwa. Isitoshe, injini kubwa na wavu mrefu huongeza kilo za safari moja hata kama kamba wamepungua, hivyo wastani wetu unaweza kuonekana mzuri kuliko hali halisi.

Ikiwa tunaamini daftari linaweza kukosea kwa moja ya tano, basi likisema kilo 25, ukweli unaweza kuwa kilo 20. Mstari wa tahadhari uwe 25.

Ikiwa daftari linaweza kukosea kwa theluthi moja, basi likisema kilo 30, ukweli unaweza kuwa kilo 20. Mstari wa tahadhari uwe 30.

Msomaji akilielewa hili, ameelewa somo zima. Kadiri tunavyojua kidogo, ndivyo mstari unavyopaswa kuwa juu zaidi. Kwa kawaida watu hufanya kinyume chake. Husema hatuna takwimu za kutosha, kwa hiyo tuendelee kuvua mpaka wataalamu wathibitishe. Mfanyabiashara makini hafanyi hivyo. Asiyejua hasa ana deni kiasi gani hutoa kidogo zaidi dukani, hatoi zaidi.

Tazama tena mwaka wa 3. Kwa daftari bovu, kengele ingelia mwaka huo huo ambao jumla ya kilo ilikuwa kubwa kuliko miaka yote, mwaka ambao mnunuzi wetu alikuwa njiani kwenda kukopa. Ukomo wa tahadhari ni mgumu kwa sababu hiyo. Hulia wakati masikio ya watu yamejaa makelele ya faida.

KANUNI IANDIKWE KABLA YA MSIMU

Mstari peke yake haufanyi kitu. Lazima uambatane na kanuni inayosema nini kitafanyika ukivukwa, na kanuni hiyo ikubaliwe kabla, siyo siku ya mzozo. Ndoo ya mchanga hujazwa kabla ya moto. Wafanyabiashara walioshuhudia soko letu kuu likiungua Julai 2021 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa mfano wetu, kanuni ingeweza kusomeka hivi. Wastani ukiwa zaidi ya kilo 30, safari ziendelee hadi 1,000 kwa mwaka. Ukiwa kati ya 30 na 20, safari zipunguzwe kwa uwiano: ukifika 25, zibaki nusu, yaani 500. Ukifika 20, msimu ufungwe.

Katika mwaka wa 4, wastani ulipokuwa kilo 22, kanuni hiyo ingeruhusu safari 200 tu, wakati daftari linaonyesha zilifanyika 2,200. Msomaji atasema hilo haliwezekani, watu wangekufa njaa. Ni kweli, na ndiyo hoja ya kuanza mapema. Kijiji kilichobaki kwenye safari 1,000 tangu mwaka wa 2 kingekuwa na nafasi kubwa ya kutofika huko kamwe. Kupunguza mapema ni kukosa friza jipya. Kupunguza kwa kuchelewa ni kukosa chakula.

TULIKUWA NA NINI SISI

Ni haki kusema kwamba uvuvi wa kamba wa meli nchini haukuwa holela kabisa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 bahari iligawanywa katika kanda tatu na meli zikawa zinazunguka kwa zamu. Kulikuwa na msimu wa kufunga kuanzia Desemba hadi Februari ili kamba wachanga wapate kukua. Kuvua usiku kulikatazwa na ukubwa wa injini uliwekewa kikomo. Baadaye ilikuja Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003.

Masharti hayo yalijibu maswali ya nani avue, wapi, lini na kwa chombo gani. Swali la tukifika hapa tunasimama lilikuja kujibiwa baada ya msimu wa 2007, na jibu likawa kufunga kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 meli zilikuwa zimezidi 20. Wakati huo huo maelfu ya wavuvi wadogo walikuwa wakivua kamba hao hao karibu na ufuko, na mikoko ya Rufiji, ambayo ni msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki, ilikuwa ikikatwa kwa ajili ya miti, mkaa na mashamba ya mpunga. Hesabu ya upande mmoja haikutosha. Mtaji ulikuwa mmoja, na wenye kuuchota walikuwa wengi.

Yapo mabishano ya haki kuhusu chanzo. Wenye meli waliweza kusema ni mvua. Wavuvi wadogo walisema ni meli zinazokokota karibu na ufuko na kukata nyavu zao. Wengine walinyooshea kidole nyavu zenye macho madogo. Ubishi wa namna hii unaweza kuchukua miaka kumi, na kamba anaishi mwaka mmoja. Uzuri wa ukomo wa tahadhari ni kwamba hausubiri mshindi wa ubishi. Mwenye duka akikuta mtaji umepungua, kwanza hufunga droo, halafu ndipo huuliza kama ni mwizi, ni mauzo mabaya au ni panya.

WENZETU WALIFANYAJE

Kenya ilipitia njia inayofanana na yetu. Ghuba ya Ungwana, kwenye mdomo wa Mto Tana, ilijaa ugomvi kati ya meli na wavuvi wadogo, na mwaka 2006 uvuvi wa meli ukapigwa marufuku. Badala ya kurudisha meli kama zamani, uliandaliwa mpango wa usimamizi wa mwaka 2010 uliotenga eneo la karibu na ufuko kwa wavuvi wadogo, ukaweka msimu wa kufunga na kukataza kukokota usiku. Marufuku ilinunua muda, na mpango ukautumia.

Suriname, nchi ndogo ya Amerika ya Kusini, ina kamba wadogo wanaovuliwa kwa meli za kukokota. Wenye meli, serikali na wanasayansi walikubaliana kanuni inayofanana sana na ile ya daftari letu: wastani wa mavuno kwa siku ya kazi unalinganishwa na mstari wa lengo na mstari wa ukomo, na siku za kwenda baharini zinapunguzwa au kuruhusiwa kulingana na wastani huo. Mwaka 2011 uvuvi huo ulipata cheti cha kimataifa cha uvuvi endelevu, na cheti cha namna hiyo hufungua milango ya wanunuzi wakubwa wa Ulaya.

Australia, katika uvuvi wake wa kamba wa kaskazini, ilikuwa na meli zaidi ya 250 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya kununua na kufuta leseni kwa awamu, kufikia 2007 zilibaki 52. Huko pia mavuno ya kamba mmojawapo hufuata mvua, na kanuni inasema kwamba wastani wa meli kwa siku ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, msimu unafungwa mapema. Meli ni chache, lakini kila moja ina kazi ya kulipa deni lake.

Hatusemi tuige kila kitu. Suriname na Australia zina makampuni machache ambayo ni rahisi kuyahesabu. Sisi tuna ngalawa na mashua nyingi, na bandari za kushushia ni nyingi kuliko maofisa. Lakini tunazo kamati za usimamizi wa fukwe, zile zinazoitwa BMU, zinazotambuliwa na sheria yetu. Tuna taasisi ya utafiti, TAFIRI, ambayo makao yake yako Kunduchi hapa hapa Dar es Salaam. Na tunao wanunuzi na madalali, ambao kila siku huandika kilo katika madaftari yao. Madaftari hayo yakikusanywa kijiji kwa kijiji ni kipimo ambacho nchi nyingi zingetamani kuwa nacho.

MTO WENYEWE UMEBADILIKA

Kuna jambo jipya la kuingiza katika hesabu. Desemba 2022 lilianza kujazwa maji bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, mradi wa umeme wa megawati 2,115. Umeme huo tunauhitaji, hasa sisi wenye friza. Lakini tumeona kwamba kamba hutoka mikokoni mto unapojaa, na sasa sehemu ya mafuriko hayo inasimamiwa kwa milango ya bwawa badala ya mawingu.

Je, mavuno ya delta yatapungua, yatabadilisha miezi, au yatabaki vile vile? Kwa kanuni tuliyojifunza leo, jibu la mfanyabiashara ni moja. Daftari la miaka ya kabla ya bwawa limepoteza sehemu ya thamani yake, na daftari likipungua thamani, mstari wa tahadhari hupandishwa. Miaka michache ya kuvua kwa kiasi huku tukiandika vizuri itagharimu kidogo kuliko kugundua kwa kuchelewa.

KABLA HUJATOA FEDHA ZAKO

Msomaji wetu si waziri wala mtafiti. Hawezi kufunga bahari. Lakini anaweza kuchora mstari katika fedha zake mwenyewe. Tunampendekezea maswali haya kabla ya kuingia ubia wa mashua, kununua friza, au kumkopesha mvuvi vifaa kwa masharti ya kununua kamba wake.

Kwanza, omba kuonyeshwa kilo kwa kila safari za miaka isiyopungua mitatu, siyo jumla ya kilo. Anayekuonyesha jumla tu ama hajui biashara yake au hataki uijue.

Pili, uliza idadi ya vyombo imeongezeka kiasi gani katika kijiji hicho, na kama injini na nyavu ni zile zile. Wastani uliosimama pale pale huku injini zikikua ni wastani unaoshuka.

Tatu, tazama ukubwa wa kamba kwenye beseni. Wakiwa wadogo msimu hadi msimu, mwezi ule ule, faida ya kesho inauzwa leo kwa bei ya uduvi.

Nne, hakikisha leseni, msimu wa kufunga na masharti ya mwaka huo kwa ofisi ya uvuvi ya wilaya, siyo kwa maneno ya dalali. Wekeza ukijua kuna miezi ambayo fedha zako hazitaingia, na panga marejesho ya mkopo kwa kuiacha miezi hiyo nje.

Tano, andika mstari wako mwenyewe na umwonyeshe mbia wako kabla ya kutoa fedha. Kwa mfano: wastani wa safari ukishuka kwa robo, hatuongezi chombo, ukishuka kwa nusu, tunauza kimoja na kuhamia bidhaa nyingine. Wekeni sahihi. Siku ya kushuka kila mtu atakuwa na sababu nzuri ya kusubiri msimu mmoja zaidi.

Sita, usimfunge mvuvi kwa deni linalomlazimu kutoka hata bahari ikiwa tupu. Tajiri anayedai kilo kila siku, msimu wa kufunga ukiwamo, anadai alipwe kwa kamba wa mwakani, ambao ndio biashara yake mwenyewe.

KWA KUMALIZIA

Katika mfano wetu, mwaka wa 5 mnunuzi ana friza la tani nyingi, kamba wa kilo chache na mkopo uliobaki pale pale. Hakudanganywa na mtu. Tarakimu zote zilikuwa katika daftari lake, safu ya mwisho upande wa kulia. Alichokosa ni mstari mmoja wa wino mwekundu, uliochorwa siku ambayo hakuuhitaji.

Mwenye daftari la kamba na alichukue leo jioni, agawanye kilo kwa safari, mwaka kwa mwaka, aone safu hiyo inaelekea wapi. Ikipanda au kusimama, amshukuru Mungu na achore mstari. Ikishuka, achore mstari kwanza.